Shangazi Anataka Kukaa Tu

Shuleni walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja pale. Zamani kulikuwa na mpwa wake aliyesoma hapo, na kila akipita karibu na jiko alikuwa anaita, "Shangazi, umeniwekea ukoko?" Wenzake wakadakia, walimu wakadakia, mpaka mwalimu mkuu mwenyewe, mama aliyemzidi umri kwa mbali, akawa anasimama mlangoni mwa jiko na kusema, "Shangazi, leo tuna wageni." Mpwa akamaliza shule akaenda zake. Jina likabaki.

Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Jiko lake lilikuwa jengo refu la bati, kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi, na masufuria yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba msaidizi akitaka kuyaosha huingia ndani nusu mwili, na akiongea humo sauti hutoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Kelele zilianza alfajiri. Kuni zinapasuka, vifuniko vinagongana, wasaidizi wanasimuliana habari za majirani zao, wanafunzi wa zamu wanapiga sahani kwa vijiko. Shangazi alisikia vyote kwa pamoja. Aliweza kukoroga uji, akamjibu muuza kuni aliyesimama mlangoni, akamkemea mtu aliye nyuma yake bila kugeuka, na papo hapo akajua kwa harufu tu kwamba maharage ya kule mwisho yanataka maji.

Akitoka hapo alikwenda nyumbani, ambako hapakuwa na nafuu. Kulikuwa na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa alitengeneza mafriji. Kulikuwa na watoto wao wanne. Kulikuwa na mama mkwe, mama wa Fundi, mwenye sauti ya kuita mtu wa mtaa wa pili. Na kulikuwa na wifi yake, mdogo wake Fundi, aliyekuja kukaa wiki mbili tu ndoa yake ilipovunjika; mtoto aliyekuja naye mgongoni sasa alikuwa darasa la pili, na zile wiki mbili bado hazijaisha.

Walipendana, hilo lisemwe mapema. Haikuwa nyumba ya ugomvi. Ilikuwa tu nyumba ambayo kila neno husemwa na watu watatu kwa mpigo, na mlango ni kitu cha kupitia, si cha kufunga. Shangazi akiingia chooni, haikupita muda mtu anagonga. "Mama, uko humo?" Yuko humo. "Mama, shati langu la bluu liko wapi?" Naye, amechutama, anaeleza shati liko wapi.

Wala hakuona ajabu. Alizaliwa katika nyumba ya watoto wengi, wakilala mzungu wa nne, na alipokuwa mdogo alidhani kila binadamu huamka na unyayo wa dada yake puani. Kutoka kitanda kile alikwenda kitanda cha ndoa, na kitanda cha ndoa hakikukaa muda kabla ya kupata mtoto katikati. Kwa hiyo mwanamke huyu alifika umri wa mvi za pembeni bila kulala peke yake chumbani hata mara moja, na kama ungemwambia kuna kitu anakikosa, angekuuliza ni kitu gani hicho, na kinauzwa wapi.

Ugonjwa ndio uliomtenga. Alianza kukohoa, wakasema moshi. Akakonda, wakasema kazi. Akawa anatoka jasho usiku mpaka shuka inakamulika, na hapo mwalimu mkuu akamwambia, "Shangazi, hili si ombi. Kesho usije hapa, nenda hospitali." Kilikuwa kifua kikuu. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alimweleza kwa upole kwamba kinatibika kabisa, dawa atakunywa kwa miezi, ila majuma ya mwanzo lazima akae mbali na watu. Nyumbani kwake wote walipimwa, na wote wakakutwa wazima.

Wodi ya wanawake ilikuwa inapakwa rangi. Wakampa chumba kidogo mwisho wa ukumbi, kilichokuwa zamani stoo ya mashuka, chenye kitanda kimoja, kiti kimoja na dirisha pana lililoachwa wazi mchana kutwa ili hewa ipite. Dirisha lilitazama uani, ambako mwanamume mwenye aproni ya plastiki alikuwa akianika nguo za hospitali. Muuguzi aliingia na barakoa asubuhi, akasimama mpaka vidonge vimemezwa, akatoka. Chakula kililetwa na mtu aliyekiweka juu ya stuli na kwenda. Jamaa waliruhusiwa kuja jioni na kusimama nje ya dirisha, mbali kidogo, na walikuja wote, wakazungumza wote kwa pamoja, kisha kengele ikagongwa wakaondoka.

Siku za kwanza zilimtesa. Kimya kilimziba masikio. Alikuwa akishtuka usingizini kwa sababu hakuna anayekoroma. Mchana alijikuta ameinuka kitandani kwa haraka, mkono uko mbele, kana kwamba kuna kitu kinaungua, kisha akasimama katikati ya chumba hajui alikuwa anakwenda wapi. Alihesabu vigae vya ukutani. Alijisemesha. Alimwonea wivu yule mwanika nguo kwa sababu alikuwa na mtu wa kumpigia mluzi upande wa pili wa ua.

Kisha, hakumbuki lini hasa, kikamtoka kile kiherehere. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, anatazama mashuka yanavyojaa upepo na kupungua. Akagundua kwamba amekaa hivyo muda mrefu na hakuna alichokuwa akikisubiri. Mabega yake, ambayo hakujua kama huwa ameyapandisha, yalikuwa yameshuka.

Na katika kukaa huko, akaja mama yake.

Hakuja kama mzuka. Alikuja kama kumbukumbu inavyokuja mtu akiipa nafasi. Mama yake alifariki miaka mingi nyuma, na siku ya mazishi watu walifurika, na kwa kuwa binti wa marehemu ni mpishi anayejulikana, hakuna aliyeuliza nani asimame jikoni. Jeneza lilipotolewa ndani, yeye alikuwa nyuma ya nyumba, ameshika mwiko. Alisikia vilio vinapanda, akataka kukimbia, na hapo hapo mtu akamuuliza kama wali umetosha. Watu walikula wakashiba, wakausifu wali. Usiku ule alilala kama gogo, kesho yake akaosha masufuria, kesho kutwa akarudi kazini. Watu walisema amejikaza. Hakuwa amejikaza. Hakupata nafasi tu.

Sasa, katika stoo ya mashuka, alikumbuka mikono ya mama yake, jinsi alivyokuwa akifunga kanga kwa kuikunja pembe kwa ndani, jinsi alivyosema "haya basi" kila akimaliza kazi, hata ikiwa ni kufunga mlango tu. Akalia. Alilia mpaka muuguzi akaja kumtazama na kumuuliza kama anasikia maumivu.

"Hapana dada," Shangazi akasema. "Ninamlilia mama yangu."

"Pole sana. Amefariki lini?"

Shangazi akamwambia. Muuguzi akauvuta mlango taratibu akaenda zake. Shangazi hakumsahau kwa wema ule.

Baada ya hapo siku zilimpita kwa namna nyingine. Aligundua mambo. Aligundua kwamba hapendi redio asubuhi. Aligundua kwamba ana maoni, tena mengi, ambayo hayakuwahi kupata mlango wa kutokea. Lililomshangaza kuliko yote lilikuwa kuhusu binti yake mkubwa. Binti alikuwa amemaliza sekondari na alitaka kwenda chuo cha ufundi akasomee magari. Nyumba nzima ilikuwa imempinga. Fundi alisema chini ya gari si mahali pa mtoto wa kike. Mama mkwe alisema mikono ya grisi haivishwi pete. Wifi alisema unesi una heshima. Na yeye Shangazi, aliyekuwa akichambua mchele wakati wa kikao, alisema, "Ndiyo, msikilize baba yako," kwa sababu alitaka kelele zipungue. Sasa aliligeuza jambo lile peke yake, polepole, hakuna wa kumdakia. Alimwona binti yake tangu utotoni, amechuchumaa kando ya baba yake, anamkabidhi spana kabla hajaiomba. Akajiuliza, mimi mwenyewe nasemaje? Jibu likaja bila kusukumwa: mimi nasema aende.

Alishangaa kuona kwamba alikuwa ameitoa kura yake bila kujiuliza.

Alipopimwa na kuambiwa hawezi tena kumwambukiza mtu, akaruhusiwa kurudi nyumbani na dawa zake. Walimpokea kwa vigelegele. Majirani walijaa sebuleni, kila mmoja anamshika mkono. "Pole kwa upweke," wakamwambia. "Kukaa peke yako siku zote zile, ungeweza kuwa kichaa." Naye akajibu, "Asanteni, nimepoa," na akaona haya, kama mtu anayepewa pole kwa karamu aliyokula akashiba. Angemwambia nani kwamba kuna wakati, kule hospitali, aliombea siku zisiishe?

Wiki za mwanzo walimbembeleza. Kisha, kama ilivyo kawaida ya nyumba zenye watu, wakasahau, na maisha yakamrudia kwa kishindo. Shati la bluu liko wapi. Chumvi imeisha. Mama, mwambie huyu. Alirudi jikoni shuleni, nguvu zikamrudia, mwili ukajaa. Lakini kuna kitu ndani kilikuwa kimeonja, na sasa kikawa na njaa. Akawa mkali. Akawa anamjibu wifi kwa mkato. Siku moja alimfokea mwanawe mdogo kwa kuimba, na mtoto akamtazama kwa mshangao, maana kuimba hakukuwa kosa tangu nyumba ile ijengwe.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba cha mafriji. Fundi alikuwa na karakana mjini, lakini mafriji yaliyomshinda, ambayo wenyewe waliyatelekeza, aliyaleta nyumbani kwa tumaini la vipuri. Yalisimama humo yamebanana, mengine hayana milango, mengine yametoa waya kama utumbo. Hakuna aliyeingia humo isipokuwa Fundi mwenyewe. Jumamosi moja mchana, Shangazi alikwenda uani kuanua nguo, akapita mlango wa chumba kile, akarudi nyuma hatua, akaingia, akaufunga. Akakalia friji dogo lililolazwa chini. Kulikuwa na giza na harufu ya mpira na kutu. Akashusha mabega.

Alifanya hivyo tena Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Hakuona kama ni siri. Aliona tu kwamba kulieleza ni kazi kubwa kuliko kulifanya.

Wifi ndiye aliyemfuma. Alikwenda kutafuta ndoo, akafungua mlango, akamwona wifi yake amekaa gizani baina ya mafriji, wima, macho wazi, anatazama mbele. Wifi hakuuliza. Aliufunga mlango kama alivyoukuta, akaenda shoti mpaka kwa mama yake.

"Mama, wifi anazungumza na mafriji."

"Anayaambia nini?"

"Sijasikia. Lakini alikuwa ameyakabili."

Jioni, baada ya chakula, mama mkwe akaweka kikao. Watoto wakaambiwa watoke nje, wakatoka na kukaa chini ya dirisha. Mama mkwe alikunja miguu mkekani, Fundi akakaa kwenye kochi anazungusha funguo zake kidoleni, wifi akakaa karibu na mlango kama shahidi.

"Mwanangu," mama mkwe akaanza, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli, "ndani ya nyumba hii nani kakukosea?"

"Hakuna, mama."

"Sema tu. Hata kama ni mimi."

"Hakuna aliyenikosea."

"Au zile dawa? Daktari alisema zinaweza kumchanganya mtu?"

"Dawa ziko sawa, mama. Nilitaka kukaa."

"Ukae na nani?"

"Peke yangu. Nikae tu."

Mama mkwe akamtazama mwanawe, kisha akamrudia mkwewe. "Mtu hakai tu. Mtu anakaa kwa sababu kachoka, au kanuna, au anamsubiri mtu. Wewe umechoka?"

"Kidogo."

"Basi si ulale. Kitanda si kipo?"

"Nikilala wananiamsha."

"Tukikuamsha si kwa sababu tunakuhitaji?"

Shangazi aliona kueleza hakutafaa. Wangelichukua kila neno na kulipa maana ya kununa. Akisema anataka kuwa mbali nao, watasikia kwamba hawapendi, na hilo halikuwa kweli. Alimtazama mumewe. Fundi aliacha kuzungusha funguo.

"Mama, tuliache hili kwa leo," Fundi akasema. "Nitazungumza naye."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Fundi akamwambia mkewe wafuatane mpaka karakana, kuna kifaa amekisahau. Walipofika hakuchukua kifaa chochote. Alitikisa kufuli tu, akasema, "Sasa turudi kwa miguu."

Shangazi aliijua safari ile kwa kuisikia. Mumewe alirudi kwa miguu kila jioni tangu walipooana. Yeye aliamini ni ubahili. Mara nyingi alimtania kwamba ni mkono wa birika, anaona uchungu wa nauli. Sasa alimfuata. Walipita nyuma ya maghala, wakashika njia ya reli ya zamani ambayo haikupitiwa na treni siku nyingi, majani yameota katikati ya vyuma. Walipofika kwenye daraja dogo la mfereji, Fundi akakaa ukingoni. Alikaa kama mtu anayekaa mahali pake. Jiwe la ukingo lilikuwa limelainika kwa kukaliwa.

"Hapa ndipo ninapokaa," akasema.

"Unakaa lini?"

"Kila siku. Kabla ya kuja nyumbani."

Shangazi hakukaa. "Unafanya nini?"

"Hakuna. Natazama maji. Mteja akinitukana, namwacha hapa. Kazi ikinishinda, naifikiria hapa, mara nyingine nagundua kosa liko wapi. Nikiona kichwa kimepoa, nakuja. Jana mama alipokuuliza unakaa na nani, mimi nilielewa. Nikaona aibu kunyamaza."

Alidhani mkewe atafurahi. Lakini Shangazi alisimama pale, akahisi hasira inampanda kutoka miguuni. Aliziona jioni zote zile, Fundi anaingia mlangoni na uso mkunjufu, anawapakata watoto, na mama mkwe anasema, mwanangu mpole huyu, hana neno na mtu. Na yeye jikoni, jasho linamtiririka, anaambiwa mbona umevimba, hebu jifunze kwa mwenzio.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa nacho," akasema taratibu.

"Nini?"

"Hiki. Siku zote ulikuwa nacho, na unakuja nyumbani nacho tumboni, umeshiba. Halafu mimi naonekana mkali."

Fundi alitazama maji. "Hukuwahi kusema kama unakihitaji."

"Ningesema lini? Nyumba ile nani ananiacha nimalize sentensi?"

Fundi akasogea kumpisha. Shangazi naye akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Maji ya mfereji yalikuwa machafu, yamebeba mifuko na majani. Baada ya muda Fundi akasema, "Nisamehe. Nilidhani wewe unapenda vile. Ukiwa na watu unachangamka sana."

"Napenda," Shangazi akasema. "Ndiyo shida yenyewe. Napenda na nachoka."

Wiki ile Fundi aliita gari la chuma chakavu. Haikuwa rahisi kwake. Alilisindikiza kila friji kwa macho, na mawili aliyarudisha kutoka garini akisema injini zake bado zina uhai. Lakini nusu ya chumba ikabaki wazi. Akaziba tundu la bati, akapaka chokaa, akaweka kiti cha mbao na kipande cha mkeka. Kisha akatangaza mezani kwamba Jumamosi, kuanzia chakula cha mchana kikishaliwa mpaka jua litakapopoa, mama yupo lakini hayupo. Anayetaka shati atalitafuta mwenyewe.

"Na mgeni akija?" mama mkwe akauliza.

"Utampokea wewe, mama. Wewe si mwenye nyumba?"

Hilo lilimpoza kidogo, lakini si sana. Jumamosi ya kwanza alikuja kugonga. Chumvi iko wapi? Shangazi akamwambia. Akarudi. Ile chumvi ni ya mawe au ya kusaga? Akamwambia. Akarudi tena kuuliza kama yuko salama, maana amenyamaza sana. Wifi naye akapitisha jicho kwenye tundu la ufunguo. Shangazi alitoka mule amechoka kuliko alivyoingia, akaona bora angekwenda kukoroga uji.

Jumamosi ya pili alipogongewa, aliuma meno, akasema kupitia mlangoni, "Nitatoka baadaye." Ni maneno mawili tu, lakini moyo ulimdunda kama mwizi. Alitega sikio. Nyayo zilisimama, zikasita, zikaondoka. Alingoja kitu kibaya kitokee. Akasikia mtu anafungua kabati, mtu anacheka, mtoto anaimba. Chumvi, inaelekea, ilijulikana iko wapi.

Polepole wakazoea, naye akazoea, na kuzoea kwake ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Hakuwa na la ajabu alilolifanya mule ndani. Kuna siku alilala kinywa wazi mpaka shingo ikauma. Kuna siku alifikiria mambo ya jikoni, akapata namna mpya ya kupanga zamu za wasaidizi wake. Kuna siku alimkumbuka mama yake na kutabasamu. Na kuna siku hakuna kilichokuja kabisa, akatoka vilevile, lakini ametulia.

Siku moja alitoka mule, akamkuta Fundi na mama yake na wifi wamekaa barazani, na binti yake anafua. Akavuta kigoda.

"Nina jambo," akasema. "Nilipoulizwa kuhusu chuo, nilijibu bila kufikiri. Sasa nimefikiri. Mimi naona mtoto aende akasomee magari."

Walidakia wote kwa pamoja, kama kawaida. Mikono ya grisi, unesi, heshima. Shangazi aliwaacha wamalize. Hakupandisha sauti. Walipokwisha akasema tena, neno kwa neno, "Mimi naona mtoto aende," kisha akamgeukia mumewe. "Wewe unajua kuliko sisi sote kwamba anaweza. Ni nani alikuwa anakupa spana?"

Fundi akakuna kidevu. Mama mkwe akasema nyumba hii sasa imeharibika, na kwa namna alivyolisema, Shangazi akajua kwamba jambo limepita. Binti aliendelea kufua, ameinama, lakini alikuwa akilisugua shati moja lilelile mpaka kola ikaanza kuchanika.

Mama mkwe hakuacha kudadisi. Jumamosi moja alimsubiri mkwewe mlangoni.

"Hebu nami nikae humo nione."

"Karibu, mama."

Aliingia, mlango ukafungwa. Shangazi alimwachia, akaenda kukata mboga. Hakuwa amemaliza fungu la kwanza kabla ya kumwona mama mkwe anakuja, amejishika kiuno, anatikisa kichwa.

"Humo ndani mimi siwezi," akasema. "Nimekaa, nimekaa, nikaanza kumsikia marehemu mume wangu anavyonisuta. Mambo ya zamani kabisa. Mimi nina umri huu, nataka watu wanipigie kelele." Akavuta kigoda karibu na jiko, akachukua kisu cha pili na kuanza kumsaidia kukata. "Wewe hayakutishi?"

"Yalinitisha mwanzo, mama."

"Yakaisha?"

"Hayakuisha. Nimezoeana nayo."

Mama mkwe akaguna. Lakini tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa askari wa mlango. Mjukuu akielekea uani, anaitwa kabla hajafika. Jirani akiuliza, "Mwenyeji yuko wapi?" mama mkwe hujibu kwa sauti inayofika mtaa wa pili, "Yupo, amekaa. Mwache." Na jirani akitaka kujua amekaa na nani, huambiwa kwamba kuna watu wanaweza na kuna watu hawawezi, na kwamba katika nyumba hii anayeweza ni mmoja, basi apewe haki yake.

Majirani wengine walisema Shangazi ameanza kujisikia. Wengine walisema ni masalia ya ugonjwa. Mmoja, mama mwenye watoto mapacha na duka la vitambaa, hakusema kitu mbele za watu. Alimvizia Shangazi njiani, akamuuliza kwa kunong'ona, chumba kama kile lazima kiwe na ukubwa gani. Shangazi akafikiri, akamwambia kitoshe kiti na mlango unaofungika. Na kama hakuna chumba, atafute saa ambayo nyumba haijaamka, ila aizoeshe nyumba kusikia neno hapana, maana hilo ndilo gumu kuliko kupata kiti.

Yeye mwenyewe hadi leo yuko jikoni pale shuleni, kati ya masufuria, anasikia yote kwa wakati mmoja, na wasaidizi wanasema ni mcheshi kuliko zamani. Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha kubwa wakati yuko ndani ya chumba chake. Nyumba yote ilikuwa imejifungia sebuleni, wanabishana kuhusu jambo fulani, na kupitia ukutani sauti zao zilimfikia zimechanganyika na mvua, hata hakuweza kujua nani anasema nini. Alikaa akizisikiliza, za mume, za mkwe, za wanawe. Hakuna hata moja iliyomwita. Akaziona ni sauti nzuri. Mvua ilipopungua alisimama, akakunja mkeka, akaenda kuuliza wanabishana nini.